Taifodi au Homa ya Matumbo? Uhakiki wa Istilahi za Chanjo

Katika makala haya twakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa lijiotee lenyewe kama magugu: istilahi za chanjo ya ugonjwa ambao wengine huuita homa ya matumbo na wengine taifodi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo mpya ya ugonjwa huu itiwe katika mipango ya afya ya umma ya nchi ambamo ugonjwa umeenea. Pakistan ilitangulia mwaka 2019. Liberia ilifuata mwaka 2021, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Malawi ikaitoa Mei 2023, na Kenya Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Majirani wawili wa Tanzania, basi, wamekwisha kuifikisha chanjo hii kwa watoto wao, na mmoja wao alipaswa kuieleza kwa Kiswahili. Siku zamu ya wengine itakapofika, mfasiri atatakiwa kuandika vipeperushi kwa wiki moja au mbili. Maneno atakayoyakuta mezani ndiyo yatakayomfikia mama mwenye mtoto mgongoni, na kwa maneno hayo mama huyo atakubali au atakataa.

Tumeichagua Morogoro na Milima ya Uluguru iwe mahali pa kuyapimia maneno hayo. Taifodi husafiri kwa maji na kwa chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mwenye vimelea, na Uluguru ni mlima wa maji na chakula. Vijito vyake huingia Mto Morogoro na Ngerengere, hujaza Bwawa la Mindu linalotegemewa na mji, na kwa upande mwingine hulisha Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Mboga za Mgeta hushuka sokoni Morogoro na nyingine huendelea hadi pwani. Ipo na sababu ya pili. Wenyeji wa huko, pamoja na Kiluguru chao, wamekisema Kiswahili kwa vizazi kadhaa. Hakuna anayehitaji mkalimani ili kumwelewa muuguzi. Neno la afya likikwama Matombo au Kinole, hatutaweza kuisingizia lugha ya mama. Kosa litakuwa la neno lenyewe.

Tuanze na jina la ugonjwa. Homa ya matumbo ni istilahi iliyoundwa kwa uangalifu. Aliyeiunda alijua kwamba tumbo ni kitu kimoja na matumbo ni kitu kingine. Matumbo ni zile nyama za ndani, utumbo mwembamba na mnene, ambamo vimelea vya ugonjwa huu huanza kazi yao. Anayeandika homa ya tumbo, kama waandikavyo wengi siku hizi, amekwisha kuuharibu uangalifu huo. Hata hivyo, msikilizaji wa kawaida hatofautishi. Kwake, jina linaahidi ugonjwa wa tumbo, naye ataungoja kwa dalili za tumbo: kuharisha, kunyongwa, kutapika. Taifodi mara nyingi haiji hivyo. Huja kwa homa ipandayo siku hata siku, kichwa kuuma, mwili kulegea, na kwa watu wazima wengi huja na kufunga choo badala ya kuhara. Jina linamwelekeza mgonjwa kuutazama upande ambao ugonjwa haupo.

Ubaya wa jina hauonekani sana wakati wa kutibu, kwa kuwa daktari hatibu kwa jina. Huonekana wakati wa kuchanja. Mwambie mama kwamba mtoto wake amepata chanjo ya homa ya matumbo, naye ataelewa, bila kosa lake, kwamba matumbo ya mtoto sasa yamekingwa. Lakini chanjo hii hukinga dhidi ya bakteria ya aina moja tu. Haizuii kipindupindu, haizuii kuhara damu, wala haizuii paratifoidi, ambayo ni ndugu wa karibu wa taifodi. Majuma mawili baadaye mtoto huyo akiharisha, kama waharishavyo watoto wote, mama atakata shauri kwamba amedanganywa. Naye hatakosa majirani wa kumwunga mkono. Hapo chanjo imeaibishwa na jina la ugonjwa, ilhali kazi yake imeifanya barabara.

Taifodi, kwa upande wake, ni neno la kigeni, na katika kurasa za jarida kama hili neno la kigeni hupokewa kwa kukunjiwa uso. Sisi twaliunga mkono. Kwanza, lipo tayari vinywani mwa watu, toka wauza dawa wa Msamvu hadi wakulima wa Nyandira. Kuliondoa ni kazi ya bure. Pili, halina ahadi ya uongo ndani yake. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya moshi au ukungu, kwa sababu mgonjwa aliyezidiwa hupumbaa kana kwamba akili yake imefunikwa. Mluguru anayeyaona mawingu yakikilalia kilele cha Bondwa angeweza kuuita homa ya ukungu, na angekuwa amesema kweli kuliko sisi. Hatupendekezi jina hilo. Twataka tu kuonyesha kwamba uteuzi wa matumbo haukuwa wa lazima. Maoni yetu ni kwamba homa ya matumbo ibaki katika vitabu vya udaktari kama kisawe, na kila karatasi ya chanjo iseme chanjo ya taifodi. Iandikwe hivyo hivyo kila mahali. Taifoidi, tifoidi na tahajia ya Kiingereza ziachwe, kwani mzazi anayeona tahajia tatu katika kadi moja ana haki ya kudhani kwamba ni magonjwa matatu.

Kuhusu neno chanjo lenyewe hatuna ugomvi. Kuchanja ni kukata: watu huchanja kuni, huchanja chale, na msafiri huchanja mbuga. Lilipoingia katika tiba lilifaa sana, kwa sababu ndui ilizuiwa kwa kuikwaruza ngozi na kutia dawa penye mkwaruzo, na kovu lilibaki begani maisha yote. Wazungu, kwa kulinganisha, walilitoa neno lao katika jina la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa chanjo ya ndui ilitokana na ndui ya ng'ombe. Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, lakini kitenzi chake kilibaki na kikapanuka. Leo watoto huchanjwa polio kwa matone ya mdomoni, na Zanzibar mwaka 2009 watu walichanjwa kipindupindu kwa kunywa. Hata taifodi imewahi kuwa na chanjo ya kumeza, iliyokuwa katika vidonge. Hakuna ngozi inayokatwa, wala hakuna anayelalamika. Neno likikua namna hiyo bila kusukumwa na kamati yoyote, kazi yetu ni kulipisha njia.

Shida ipo kwa majirani wa neno hilo: sindano, dawa na kinga. Anayekaa katika foleni ya kliniki ya mama na mtoto atasikia maneno kama haya: "Nesi, huyu alishachomwa ya taifodi mwezi jana." Mama anayesema hivyo hasemi uongo. Mtoto wake alipata homa, akapimwa, akaambiwa ana taifodi, akachomwa sindano kwa siku kadhaa. Kwake sindano ya taifodi ni jambo lililokwisha. Muuguzi anayetangaza kwamba kuna sindano ya taifodi, au dawa ya kuzuia taifodi, amemfungia mlango mtoto ambaye hajachanjwa. Hivyo twashauri kwamba katika maelezo yoyote ya chanjo hii neno sindano lisitumike kama jina. Itumike chanjo peke yake, na sentensi ya kwanza kabisa iseme kwamba hata mtoto aliyewahi kutibiwa taifodi hana budi kuchanjwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu wengi walioambiwa wana taifodi hawakuwa nayo. Kipimo kilichozoeleka katika zahanati zetu ni kile cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, nacho hutoa jibu la ndiyo kwa watu wengi wenye homa nyingine. Ndiyo maana imekuwa kama utani mijini na vijijini kwamba hakuna aendaye kupimwa akarudi bila taifodi. Uthibitisho unaoaminika ni kuotesha damu. Hapa tusimame kidogo kuisifu istilahi. Kuotesha ni neno la shambani. Mkulima wa Mgeta huotesha mbegu za kabichi kitaluni ili aone zipi zitachipua, na mtaalamu wa maabara hufanya vivyo hivyo kwa damu. Ukimwambia mkulima huyo kwamba damu ya mtoto itaoteshwa na jibu litachukua siku kadhaa, hataona ajabu, kwa sababu anajua kwamba kitalu hakiharakishwi. Laiti istilahi zetu zote zingezaliwa shambani!

Kinga nayo imechoka kwa kubebeshwa mizigo mingi. Ni hali ya mwili, ni tendo la kuzuia, na tangu miaka ya UKIMWI ni jina la adabu la kondomu, kiasi kwamba mwalimu anayewaambia wasichana wa shule wapokee kinga hujikuta akingoja kicheko kiishe. Maandishi mengi hutumia chanjo kwa mambo matatu: kitu kilicho kichupani, tendo la kukitoa, na hali ya mtoto baada ya tendo hilo. Husemwa chanjo imefika, chanjo itafanyika Jumatatu, na mtoto ana chanjo. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenganisha: chanjo, uchanjaji, na kingamwilini. Hilo la tatu twalipendekeza kwa hadhari, kwani kingamwili imekwisha kupewa maana nyingine ya zile protini za damu zipambanazo na vimelea. Wasomaji wenye neno bora zaidi watatufaa.

Sasa twafika penye mwiba. Chanjo mpya ya taifodi ni tofauti na zile zilizotangulia. Iliyotangulia ya sindano ilitengenezwa kwa sukari ya ganda la bakteria peke yake, na miili ya watoto chini ya miaka 2 haikuitambua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuishauri pamoja na ile ya kumeza, lakini nchi chache tu zilizitia katika mipango yao. Katika chanjo mpya, sukari ile imefungwa pamoja na protini, na kwa kufungwa huko hata mtoto wa miezi 6 huitambua, tena kwa dozi moja. Chanjo ya namna hii tuiiteje? Mfasiri atakayefungua orodha za sarufi atakuta kwamba neno lile lile la Kizungu, linapohusu vitenzi, karibu litafsiriwe mnyambuliko. Mungu atuepushie chanjo nyambulifu. Mwingine atavutwa na mseto. Huyo naye azuiwe, kwa sababu mseto una kazi. Tangu dawa mseto ya malaria ilipozoeleka, kila mtu anajua kwamba mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja, na akisikia chanjo mseto ataelewa, kwa haki, kwamba ni chanjo ya magonjwa zaidi ya moja, kama ile inayokinga magonjwa matano. Hiyo ya taifodi ni ya ugonjwa mmoja. Twapendekeza chanjo ambatani, tukifuata nomino ambatani ambayo walimu wanaijua tangu zamani: vitu viwili vilivyoshikana vikatenda kama kimoja. Na tuseme wazi kwamba istilahi hii ni ya wataalamu. Katika karatasi ya mzazi haina kazi yoyote, na anayeiweka humo anajionyesha tu.

Protini inayoambatanishwa katika chanjo ambatani iliyoenea zaidi hutokana na sumu ya bakteria wa pepopunda, iliyogeuzwa kwa kemikali hadi ikapoteza uwezo wote wa kudhuru. Kizungu kina neno fupi kwa kitu hicho. Sisi hatuna, na mfasiri mwenye haraka ataandika sumu iliyopunguzwa makali. Twamwomba asifanye hivyo. Kwa Mswahili, sumu iliyopunguzwa ni sumu iliyobaki. Hakuna mzazi atakayekubali mtoto wake apewe kidogo. Wala tafsiri hiyo si ya kweli, kwa kuwa sumu haikupunguzwa, imekwisha. Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2014 nchini Kenya chanjo ya pepopunda kwa wanawake ilizusha mabishano makali, maaskofu wa Kanisa Katoliki wakidai kuwa imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, serikali na Shirika la Afya Duniani wakikanusha. Penye hofu kama hiyo, karatasi ya serikali yenye neno sumu itasomwa kama ungamo. Twapendekeza protini ya chanjo ya pepopunda kwa umma, na toksoidi kwa wataalamu. Ile ya kwanza ni ndefu, lakini ni ya kweli, na kila mama aliyehudhuria kliniki akiwa mjamzito amekwisha kuipokea chanjo ya pepopunda mwilini mwake na anajua kwamba haikumdhuru.

Watumishi wa serikali watatuuliza habari za tarakimu, nasi twakiri kwamba hapa tafsiri mbaya imeenea kuliko mahali pengine. Huandikwa kwamba chanjo ina ufanisi wa asilimia 80, kisha mfasiri, kwa nia njema, hufafanua: yaani watoto 80 kati ya 100 watakingwa na 20 wataugua. Sivyo hata kidogo. Utafiti mkubwa wa Blantyre, Malawi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, uliwagawa watoto zaidi ya 28,000 katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Kundi moja lilipewa chanjo ambatani ya taifodi, na jingine chanjo ya aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Katika kundi la kwanza waliougua taifodi iliyothibitishwa walikuwa 12. Katika la pili walikuwa 62. Yaani penye wagonjwa 62 ambao wangetokea, 50 hawakutokea. Hiyo ndiyo asilimia 80 na kidogo. Kati ya watoto wapatao 14,000 waliochanjwa waliugua 12, na tafsiri ile ya nia njema ingewafanya 2,800! Ufanisi, neno la watu wa viwanda na mipango, halisaidii kulizuia kosa hili. Afadhali isemwe nguvu ya kuzuia, na ifuatwe na mfano wa watu wanaohesabika: penye wagonjwa 10, chanjo ingewazuia 8.

Madhara ni neno jingine linalotumika ovyo. Homa ndogo na maumivu mahali palipochomwa si madhara, kwa kuwa dhara ni hasara. Wizara ya Afya na wauguzi wetu wanao msemo mzuri, maudhi madogo madogo, uliozoeleka katika maelezo ya uzazi wa mpango. Utumike na hapa. Lakini usitumike kufunika. Tukio kubwa la nadra, kama mwili kuikataa chanjo ghafla, liitwe kwa jina lake, madhara, na mzazi aambiwe abaki kituoni kwa muda gani ili atazamwe. Neno laini likifunika jambo zito, siku jambo zito litakapotokea neno hilo laini litakuwa limekufa, nasi tutakuwa hatuna jingine.

Usugu wa dawa, ambao ndio uliowasukuma Pakistan waharakishe baada ya taifodi sugu kuzuka Sindh mwaka 2016, ni istilahi njema yenye kiungo kibovu. Wengi huelewa kwamba mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa. Waliokuwa sugu ni vimelea. Isemwe usugu wa vimelea, na mambo yataisha.

Hatimaye twataka kukitazama kitenzi kinachotangulia chanjo yenyewe. Nyaraka hupenda kusema kuingiza chanjo nchini, au kuingiza chanjo vijijini. Bidhaa huingizwa forodhani, na magendo huingizwa usiku. Uluguru inazo kumbukumbu za vitu vilivyoingizwa. Mpango wa kikoloni wa kuhifadhi udongo uliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi milimani, bila kuwaridhisha kwamba yanafaa, na mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, mpango ukaachwa. Linganisha na mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni 2 kote nchini katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Taifodi ni ugonjwa wa vyoo na maji kabla ya kuwa ugonjwa wa chanjo, na kampeni ile iliitaja kazi hiyo kwa maneno matatu ambayo mtoto wa shule aliweza kuyashika. Twapendekeza kuanza kuchanja, au kuanzisha uchanjaji. Mtendaji aonekane katika sentensi, na anayechanjwa naye aonekane. Na maneno yote tuliyoyataja hapa yasomwe kwa sauti mbele ya akina mama na wajomba wa vijiji vitatu au vinne vya mlimani kabla hayajapigwa chapa. Twataja wajomba kwa makusudi, kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mara nyingi shauri la mtoto huwa halijakamilika mpaka mjomba awe amesikia.

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana juu yake. Wapo watu wanaopona taifodi lakini wakabaki na vimelea kwa miaka, wakiwaambukiza wengine bila wao wenyewe kuumwa. Aliyejulikana zaidi duniani ni Mary Mallon, mpishi wa New York, aliyefariki mwaka 1938 baada ya kutengwa kwa miaka mingi. Mwambukizaji ni shtaka, na katika kijiji chenye watu wanaojuana shtaka la namna hiyo hugeuka haraka kuwa uvumi mbaya zaidi. Mwenye vimelea ni sawa, lakini humhusu kila mgonjwa. Kati ya mbebaji na mchukuzi, sisi twaelekea kwenye mbebaji, kwa sababu mtu anaweza kubeba kitu asichokijua. Mchukuzi hupewa mzigo akiuona, tena hulipwa; yeye na abaki stesheni.